Kifaa cha kupima oksijeni kwenye vizimba vya sato, hili wazo linalipa kweli?

Fundi_Buhongwa

Mwangaluka wakuu. Naombeni mnisaidie kufikiri maana nimelizungusha hili jambo kichwani mpaka sioni tena. Mimi ni fundi wa sola na inveta hapa Mwanza, shemeji yangu anafuga sato kwenye vizimba huku ghubani, na msimu uliopita kuna asubuhi walifika wakakuta samaki wa kizimba kimoja karibu wote wameelea, walikuwa wameshafika saizi ya kuuza yaani. Bwana samaki alivyokuja akasema ni hewa, maji yaliishiwa oksijeni usiku.

Tangu siku ile nimekuwa natengeneza kifaa. Ni boya dogo lina paneli ya wati 10, betri za lithiamu, bodi ya ESP32 (kikompyuta kidogo kinachosoma sensa), sensa ya oksijeni inayoning'inia majini, na moduli ya SIM800L yenye laini ya simu. Oksijeni ikishuka chini ya kiwango nilichoweka anatumiwa meseji mwenye vizimba. Kwenye ndoo nyumbani kinafanya kazi vizuri, meseji inaingia.

Vifaa vyote vimenigharimu kama laki 8 hivi, sensa peke yake ni zaidi ya dola 100 kabla hujalipia usafiri. Nafikiria kuuza milioni 1 na laki 2. Wafugaji niliowauliza wote wamesema wazo zuri sana, tutachukua.

Sasa maswali yangu: kiufundi hiki kitu kitakaa ziwani miezi na miezi au kitanitia aibu? Na kibiashara kuna hela hapa au nitabaki na maboya stoo? Nina akiba kidogo ya kutengeneza kama 10 za mwanzo ila sitaki kuimwaga kabla sijaelewa. Msinionee huruma, niambieni ukweli.

---

Vipimo_na_Mitambo

Mkuu kwanza hongera, umefika mbali kuliko wengi wanaokuja hapa na wazo la mdomo tu. Ila kufanya kazi kwenye ndoo bado hakujakuambia chochote kuhusu ziwa, ngoja nikueleze kwa nini.

Sensa yako kwa bei hiyo nadhani ni ile ya galvaniki, yenye kifuniko cha utando laini na maji ya dawa ndani. Zile ni nzuri kwa kujifunzia na zinapima kweli, shida ni kwamba utando ukikaa kwenye maji ya kijani kama ya ghuba unavaa utelezi ndani ya siku chache tu, na ule utelezi ni viumbe hai, vyenyewe vinatumia oksijeni usiku. Kwahiyo sensa itakuambia hewa imeisha kumbe imeisha pale kwenye utando, pembeni samaki wanapumua vizuri tu. Mfugaji akiamshwa usiku mara mbili tatu bure anazima simu na hapo kifaa chako kimekufa hata kama kinawaka. Halafu ule utando na maji ya dawa yake vinabadilishwa, kwenye maji machafu hesabu kila mwezi au miezi miwili. Nani atabadilisha? Wewe? Na petroli ya boti nani analipa?

Zipo sensa za mwanga, hazina utando wa aina ile na zinakaa muda mrefu bila kuyumba, ila bei inapanda mara kadhaa na zenyewe bado zinataka kufutwa. Zile za mitambo mikubwa zina kibrashi kidogo cha mota kinachopangusa kila baada ya muda. Ukiweza kutengeneza kibrashi chako mwenyewe kwa kimota kidogo utakuwa umetatua nusu ya tatizo zima. Mimi ningeanza hapo, hiyo meseji ni kazi rahisi.

Jambo la pili ambalo watu wengi wanalisahau. Ziwa letu liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 kule pwani yakishiba hewa yanabeba oksijeni karibu miligramu 8.3 kwa lita, huku kwetu kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo yanashiba kwenye 7.2 hivi. Programu nyingi za kupakua zimewekwa namba za pwani. Ukifanya kalibresheni, yaani kuifundisha sensa namba sahihi, hapa Mwanza ukaiambia programu kwamba hii ni 8.3, kila kipimo chako kitakuwa juu kwa karibu asilimia 15, yaani oksijeni ikiwa 3 kifaa kinasoma karibu 3.5, na hapo ndipo samaki anapoanza kupata tabu. Rekebisha hiyo leo leo.

Na SIM800L, ikitaka kurusha inavuta mpaka ampea 2 kwa ghafla. Kama mota ya kibrashi na moduli vinakula betri moja bila kapasita ya kutosha, bodi itajizima na kujiwasha usiku kucha na wewe utalaumu mtandao. Paneli nayo iwekee nyuzi au miiba juu, mnandi wakigundua boya lako ni sehemu ya kukaukia mabawa utakuta paneli nyeupe yote kwa kinyesi.

Kwahiyo jibu langu ni kwamba inawezekana kiufundi ila bidhaa yenyewe ni huduma ya usafi wa sensa, boya linafuata. Weka hilo kwenye bei.

---

Mama_Vizimba

Mimi ni mfugaji, ngoja niongee upande wa anayelipa.

Mdogo wangu, tuseme nimekinunua hicho kifaa. Saa 10 usiku simu imelia, meseji inasema oksijeni iko 2. Niambie, nafanya nini?

Nakuuliza kwa nia njema kabisa maana hili ndilo swali ambalo sijaona umelijibu popote. Mimi sina mashine ya kupuliza hewa kule majini, na hata ningekuwa nayo, kizimba kiko ziwani sio bwawani, napuliza hewa kwenye ghuba nzima? Kuvuna usiku ule siwezi, barafu sina, mnunuzi kalala. Kuvuta kizimba kwenda kwenye maji ya wazi inawezekana kama kipo kwenye maboya mazuri na una boti na vijana, ila sio giza na upepo, na samaki walioishiwa hewa ukiwasukasuka ndio unawamalizia. Kwahiyo nitakaa kitandani nikijua samaki wangu wanakufa, na jana yake nilikuwa nalala sijui. Wewe umenipunguzia nini?

Wale wafugaji waliokuambia wazo zuri hawakudanganya, wazo ni zuri. Ila hukuwauliza hivi.

Sasa nisikuache hewani. Mimi oksijeni nayoitaka ni ya asubuhi, sio ya usiku wa manane. Usiku mwani unavuta hewa ile ile samaki anayovuta, kwahiyo oksijeni inakuwa chini kabisa kukaribia kucha, jua likitoka inaanza kupanda. Vijana wangu wao wakifika tu wanamwaga chakula kwa sababu ndiyo ratiba, saa 1 asubuhi, kuna ukungu au kumekucha na mawingu mazito wao wanamwaga. Sato akiwa hana hewa hali vizuri, na hata akila mwili haukitumii chakula sawasawa, tena akishashiba anahitaji hewa zaidi ya alivyokuwa na njaa. Unaona vidonge vinaelea mpaka upepo unavipeleka nje ya wavu. Hiyo ndiyo pesa inayonitoka kila siku, chakula ni zaidi ya nusu ya gharama zangu zote, kinanitesa kuliko wale wanaokufa siku moja.

Niletee kitu kinachomwambia kijana wangu LISHA au SUBIRI. Nitakaa na wewe tuongee bei.

---

Fundi_Buhongwa

Dada nashukuru sana kwa hili. Kweli sikuwahi kuuliza mtu atafanya nini baada ya meseji. Nilikuwa nafikiria kifo tu kwa sababu ndicho nilichokiona kwa shemeji.

Kwahiyo unasema hata taa tu? Mfano taa ya kijani, njano na nyekundu juu ya boya, kijana akifika na mtumbwi anaangalia?

---

Mama_Vizimba

Taa inatosha kwa kijana. Mimi mwenyewe niko mjini nusu ya wiki kwahiyo ningependa pia kujua saa ngapi walilisha, ila hilo ni la baadaye. Anza na taa.

---

Hesabu_Kwanza

Nimefuatilia huu uzi tangu mwanzo, Mama Vizimba amekuokolea akiba yako mkuu. Wacha niweke namba, ni za mfano, zibadilishe kwa za shemeji yako.

Chukua kizimba cha samaki 3,000 wanaofika gramu 450. Hiyo ni kilo 1,350. Kama kila kilo ya samaki imekula kilo 1.6 za chakula, umemwaga kilo 2,160. Chakula kinachoelea tukiseme elfu 3 kwa kilo unapata milioni 6 na laki 4 na elfu themanini, kizimba kimoja, mzunguko mmoja. Ukimuokolea mfugaji asilimia 5 tu ya chakula kwa kuwazuia vijana wasilishe samaki wasio na hewa, ni laki 3 na elfu 24. Mwenye vizimba vinne anaokoa kama milioni 1 na laki 3 kwa mzunguko. Hapo bei yako ya milioni 1 na laki 2 inaanza kuongea, inarudi ndani ya mzunguko mmoja. Mwenye kizimba kimoja hapana, usimuuzie, atakaa na deni na wewe utakaa na lawama.

Sasa linganisha na biashara ya meseji ya kifo. Hasara ikitokea ni kubwa, kilo 1,350 kwa elfu 7 ni karibu milioni 9 na nusu, lakini hakuna mfugaji anayejua itatokea lini au kama itatokea, na binadamu hatoi hela leo kwa siku asiyoijua. Angalia mitumbwi mingapi inatoka mwalo wa Kirumba haina jaketi okozi hata moja na wote wanajua ziwa linaua. Kinachookoa hela kila asubuhi kinauzika, tena siku ile mbaya ikija taa nyekundu itakuwepo pale pale, umepata vyote kwa pamoja.

Ila hiyo asilimia 5 nimeitoa kichwani mkuu, na biashara yako yote imekaa juu yake. Ikiwa ni 1 umekwama, ikiwa ni 10 una foleni mlangoni. Huwezi kuipata kwa kufikiri, inabidi uipime. Omba shemeji akupe vizimba viwili vinavyofanana, vifaranga wa siku moja, chakula cha mfuko mmoja. Kimoja vijana walishe kwa ratiba kama kawaida, kingine walishe kwa kipimo cha oksijeni. Pima chakula kwa mizani, sio kwa ndoo. Mwisho wa mzunguko pima samaki. Ni miezi 6 mpaka 8 najua ni mingi, ila ukishakuwa na hiyo karatasi mkononi hata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yao, unakwenda kuuomba ukiwa na cha kuonyesha.

Na gharama yako sio laki 8. Hiyo ni vyuma tu. Weka muda wako, safari za boti, utando wa kubadilisha, sensa itakayokufa ukiwa umeshampa mtu garantii, na kifaa kitakachoibiwa, maana paneli na betri vikikaa majini usiku vinajulikana. Ukijumlisha vizuri unaweza kukuta kuuza kwa milioni 1.2 ni hasara. Mimi ningefikiria kukodisha, mfugaji analipa kwa mwezi, kifaa kinabaki chako, wewe unakuja kusafisha na kukalibreti. Hapo huduma ya usafi aliyosema Vipimo inakuwa ndiyo unachouza na sio mzigo uliojificha.

Mwisho, acha kuuliza watu kama wazo ni zuri. Waombe kishika uchumba. Nenda kwa wafugaji watano wenye vizimba vinne kwenda juu, waambie kitakuwa tayari msimu ujao, naomba elfu 50 ya kushika nafasi, na uwaandikie risiti kwamba inarudi kama hujaleta. Watatu wakitoa, endelea. Asipotoa hata mmoja, umejua bila kuchoma akiba.

---

Mzee_wa_Kayenze

Mnasema kila mfugaji na kifaa chake, mbona maji ni yale yale? Vizimba kumi viko ghuba moja, kifaa kimoja kinawatosha wote, wachange. Kwa mtu mdogo mwenye kizimba kimoja ndiyo njia pekee, na wao ndio wengi.

---

Vipimo_na_Mitambo

Mzee wangu shikamoo. Una hoja kwa upande wa gharama na kwa wadogo inaweza kuwa ndiyo mwanzo. Ila naomba nitofautiane kidogo, maji ya nje na ya ndani ya kizimba hayafanani. Ndani kuna maelfu ya samaki wanavuta, na wavu ukiwa haujasafishwa umeziba kwa mwani maji mapya hayapiti, unaweza kukuta nje ni 5 ndani ni 3. Kifaa cha pamoja kikikaa nje kitawaambia lisheni wakati mwenye wavu mchafu samaki wake wanatweta. Labda kifaa kimoja cha pamoja kiwekwe ndani ya kizimba chenye samaki wengi kuliko vyote, hapo kitakuwa kinaonya mapema badala ya kuchelewa.

Na hii imenipa wazo lingine mkuu Fundi: tofauti ya nje na ndani ndiyo inayokuambia wavu umeziba. Sensa mbili, moja nje moja ndani. Sio sasa hivi lakini, usije ukaongeza gharama kabla hujauza hata moja.

Kitu kingine kizuri cha taa, ukianza bila moduli ya simu umepunguza bei, umepunguza paneli na betri, na hujawa na moduli ya simu inayohitaji kibali cha TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano. Meseji iwe ya daraja la juu kwa atakayeitaka kama Dada hapo juu.

---

Mwanafunzi_Nyegezi

Kaka mimi nasoma FETA, chuo cha uvuvi, hapa Nyegezi. Kabla hujatengeneza la pili, pita chuoni uongee na walimu na pia TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako hapa hapa Mwanza, uombe kulinganisha sensa yako na kipimo cha uhakika. Kuna njia ya kemikali ya Winkler, ni ya tangu 1888 na hadi leo inatumika kuhakiki sensa. Ukichukua maji sehemu moja wakati mmoja ukapima kwa zote mbili utajua kifaa chako kinadanganya kiasi gani. Na sifuri yako uitafute kwa maji yenye sodiamu salfaiti, yanakula oksijeni yote, sensa inatakiwa isome sifuri au karibu. Watu wengi wanakalibreti upande wa juu tu, wakati sisi tunachohitaji kukijua ni huku chini.

Kwa sato kiwango tunachofundishwa ni 5 kwenda juu yuko vizuri, chini ya 3 hali vizuri na hakui, oksijeni ikifika 1 anaweza kuvumilia kwa muda mfupi ila ikiendelea anakufa. Kwahiyo taa zako zinaweza kukaa hivyo, kijani kuanzia 5, njano 3 mpaka 5, nyekundu chini ya 3.

---

Fundi_Buhongwa

Wakuu mmenifungua macho, nasema kutoka moyoni. Zile 10 sitengenezi. Nimeongea na shemeji mchana huu amekubali kunipa vizimba viwili kwa majaribio, vifaranga wanaingia mwezi ujao. Moduli ya simu nimeitoa kwenye bodi, nimebaki na taa tatu na kadi ya kuhifadhi vipimo. Kibrashi naanza nacho wiki hii kwa kimota cha servo, Vipimo nitakuletea picha unikosoe.

Swali moja la mwisho kabla sijaingia majini. Sensa niining'inize kina gani? Wavu wa shemeji una kina cha mita 3. Na wakati nasubiri kibrashi kikamilike nataka niwe naenda kupima kwa mkono, niende saa ngapi?

---

Vipimo_na_Mitambo

Kina cha kudumu weka katikati ya wavu, kama mita 1 na nusu, maana juu kabisa upepo na mwani vinakudanganya mchana. Ila ukipima kwa mkono chukua sehemu tatu: nusu mita kutoka juu, katikati, na karibu na chini ya wavu. Kama chini ni ndogo sana kuliko juu, andika, hiyo ni dalili maji ya chini yasiyo na hewa yako karibu na siku upepo ukiyageuza yatapanda. Sensa ya galvaniki inataka maji yatembee, ichezeshe taratibu mpaka namba itulie ndipo uandike.

Saa: nenda saa 11 alfajiri na urudie saa 3 asubuhi. Ukiweza ongeza saa 9 mchana, utaona inavyopanda na kushuka. Andika na hali ya hewa, mawingu, upepo umetoka wapi, maji yana rangi gani, na kama wavu umesafishwa lini.

---

Mama_Vizimba

Na andika saa vijana walipolisha na walimwaga kilo ngapi, usisahau. Usiende peke yako alfajiri, na vaa jaketi. Ukimaliza mwezi wa kwanza niletee hilo daftari nilione, nina vizimba sita na elfu 50 yako ipo.